Kijembe cha Muungwana

Wiki hii mmeuliza kama muungwana anaweza kumtusi mtu na bado akabaki muungwana. Jibu langu ni kwamba muungwana hatusi. Hupiga kijembe, na baina ya mambo hayo mawili ipo tofauti niliyofunzwa na marehemu babu yangu, nyumbani kwake Unguja.

Babu alikuwa na jirani ambaye hakukosa kutokea kila sinia la wali lilipotuliwa mkekani. Siku moja alipopiga hodi, babu alimkaribisha kwa bashasha: "Karibu, Bwana. Nilikuwa naitafuta saa yangu nijue kama wakati wa chakula umefika. Sasa sina haja nayo." Tulicheka sote, jirani naye akacheka, akanawa. Lililonikaa moyoni, nami nikiwa mtoto, ni mkono wa babu ukimsogezea mgeni kichwa cha samaki changu, ambacho sisi hatukuthubutu kukigusa.

Tusi humbana mtu, ama ajibu ama adhalilike, ilhali kijembe humwachia nafasi ya kujifanya hakusikia. Kwa maoni yangu, mabingwa wa sanaa hii ni wanawake wa pwani kuliko sisi wenye kanzu na kofia. Aliyejifunga kanga yenye jina "Hasidi hana sababu" akapita mlangoni pa wifi yake hakumtaja mtu. Wifi akilalamika, atakuwa amejitaja mwenyewe. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa Fumba huko Unguja, alipoimbwa na mahasimu wake kuwa ni mtu wa shamba aliyeingia mjini na kaniki, aliwajibu kwa wimbo kwamba uzuri na nasaba si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Jina hakulitaja, na waliokusudiwa walijijua.

Hata hivyo, sikubali kwamba kila fumbo ni uungwana. Niliwahi kufanya kazi chini ya mkubwa mmoja aliyependa kumpigia tarishi mafumbo mbele ya wageni, kwa maneno laini na tabasamu, akijua fika kwamba yule kijana hathubutu kufungua kinywa. Hilo mimi nalihesabu kuwa tusi, tena baya kuliko la sokoni, kwa kuwa la sokoni hujibiwa.

Jirani wa babu alijibu. Wiki iliyofuata alifika wakati uleule, safari hii na mkungu wa ndizi begani, akauliza kabla hajaketi kama ile saa imeshapatikana.