Mwanangu, Jinja haikufa siku moja

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Mama, hivi viwanda vya Jinja viliendaga wapi, mbona wenzangu hapa Kampala wanasema Amin aliviua siku moja?" Alafu ukaongeza lile la pili, kwamba umeweka hela kidogo na unataka kufungua karakana ya kushona yunifomu hapa mtaani kwetu Walukuba, Jinja, mama unaonaje. Nilikujibu juujuu, chaji ilikuwa inaisha. Leo nimekaa nakuandikia, usome mpaka mwisho.

Viwanda vilifuata maji. Bwawa la Owen Falls, hili mnaloliita Nalubaale, Malkia wa Uingereza alikuja kulifungua Aprili 1954, mwaka niliozaliwa mimi, jajja yako, mama yangu, akawa ananihesabia umri kwa bwawa. Umeme ulikuwa mwingi mpaka tukawauzia Kenya. Daraja la reli juu ya Nile lilikuwepo tangu 1931, pamba ya Busoga na Teso iko jirani, sasa kwa nini pamba iende Bombay na Manchester ndo irudi kwetu ikiwa shati? Ndo serikali kupitia Uganda Development Corporation ikaweka mkono kwenye kiwanda cha vitambaa cha Nyanza Textile, hiyo NYTIL tuliyokuwa tukiitaja kila siku, ng'ambo ya mto kule Njeru. Shaba ya Kilembe nayo ilikuwa inapanda treni Kasese, huko mpakani na Kongo, inavuka nchi nzima kuja kuyeyushwa hapa Jinja kwa sababu kuyeyusha shaba kunakula umeme sana. Weka na chuma, majembe, unga, sigara, bia, sukari ya Kakira.

Na watu! Walukuba nyumba moja Jaluo, inayofuata Mlugbara, inayofuata Mteso, Mnyarwanda, Musoga mwenyewe, na kazini wote hao wanaelewana kwa Kiswahili. Umewahi kujiuliza kwa nini sisi tusio na ndugu hata mmoja pwani tumekulea kwa lugha hii? Ni lugha ya shifti, mwanangu. Baba yako aliniposa kwa Kiswahili maana mimi Kilugbara sikijui na yeye Kisoga alikuwa hakijui bado.

Sasa Rais Idi Amin. Agosti 1972 akatangaza Wahindi wana siku 90 waondoke. Wakaondoka kweli, na kiwanda cha vitambaa nilichokuja kufanyia kazi kilibaki na mashine zote zimesimama mahali pake, hakuna kilichokufa siku hiyo. Na nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia: mimi nilipata kazi kwa sababu wao walifukuzwa. Mwaka 1973 nafasi zilikuwa wazi, nikaingia, nina miaka 19, nikafurahi, mshahara wa kwanza nikamnunulia jajja yako gomesi, lile gauni letu la heshima. Nilifurahi na sikujiuliza.

Kujiuliza kulianza siku fundi wetu mkuu alipofungua droo akatoa daftari. Lilikuwa la yule fundi wa Kihindi aliyeondoka, ameandika kila mtambo na tabia zake, huu unataka mtande, zile nyuzi za urefu, ulegezwe kidogo, huu kamba yake ibadilishwe baada ya wiki ngapi, na michoro midogomidogo pembeni. Tulijua hivyo kwa michoro tu, maana maneno yote yalikuwa kwa Kigujarati. Tukaligeuza, tukalipeleka kwa huyu na yule, mji mzima hakuna wa kutusomea. Lile daftari mimi ndo naliona nikisikia watu wanasema viwanda "viliibiwa". Viliibiwa ndiyo, vingine, wanajeshi walipewa maduka na viwanda kama zawadi, lakini chetu hakuna aliyekibeba, kilikosa mtu wa kukisoma.

Kikaenda polepole sana. Kipande cha ngozi kinachorusha shato, kile kinachopitisha uzi huku na huku, kikikatika tulikata soli ya kiatu, soli ikiisha tunakata tairi. Mtambo mmoja unalala, tunatoa vyuma vyake tunaponyesha wa pili, kesho wa pili unalala tunachukua wa tatu, hivo hivo mpaka ukumbi uliokuwa hausikilizani kwa kelele nikawa nasikia ndege kwenye paa. Vipuri ni vya nje, vinataka dola, na dola hakuna. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, reli ikagawanywa, mzigo kutoka Mombasa ukawa shida nyingine. Pamba yenyewe ikapotea, nchi iliyokuwa inatoa zaidi ya marobota 400,000 kwa mwaka karibu na 1970, miaka kumi baadaye haikufika hata robo, kwa sababu mkulima alikuwa halipwi kwa wakati akaona bora apande mihogo ale. Kisha vita ya 1979, kisha zile vita zingine. Shaba ya Kilembe ikasimama mwanzoni mwa miaka ya 80 na treni yake ikanyamaza.

Chetu kilipofunga sikitaji jina, unalijua, miezi yangu saba haijalipwa mpaka leo.

Alafu ikaja mivumba, yaani mitumba. Miaka ya 90 milango ya biashara ilifunguliwa, mabelo yakaingia, shati la mtu wa Ulaya kwa bei ambayo hakuna kiwanda cha hapa kingeiweza. Wewe ada yako ya sekondari yote ilitoka kwenye mivumba niliyouza sokoni, kwa hiyo sitaki kuitukana. Lakini kila nilipofungua belo nilikuwa nageuza shati ndani nje niangalie mshindio kwanza, zile nyuzi za upana, mkono umezoea, na nilikuwa naumia. Bado naumia.

Usiseme kwamba Jinja imekwisha, maana haijaisha. Familia ya Madhvani, Wahindi wenye Kakira, ilirudi ikaifufua, NYTIL ipo chini ya wenyewe wengine, bia inatoka. Kinachoniuma ni yale maghala yenye kutu uliyoyapiga picha mlipokuja na wenzako kupanda mitumbwi mtoni, na vijana wa Walukuba wanaopita hapo kila siku bila kujua ndani palifanyika nini.

Kuhusu karakana yako, fungua. Sikuzuii. Ila kabla ya kununua cherehani hata moja niambie ikiharibika ataitengeneza nani, vipuri vinatoka duka gani, na huyo fundi akihama au akifa umemfundisha nani. Na aandike kwenye daftari, kwa Kiswahili, au Kisoga, lugha yoyote ambayo watoto wa hapa wanaisoma. Ukikosa jibu, hela hiyo iache kwanza kwenye sacco.

Kuna mzee anakaa kule Masese tulifanya naye kazi, mkono wake bado una akili ya mashine, anatengeneza cherehani barazani kwake na hana mwanafunzi hata mmoja. Nimemwambia unakuja. Jumamosi panda taxi ya alfajiri kabisa, usinichelewe kama siku ile, maana saa nne akishamaliza chai anaenda ziwani kwa mukene, dagaa wetu, na hapo humpati tena mpaka jioni.

Mama yako