Wafadhili waja leo, waondoka leo: ramani ya bure inabaki na nani?

Wiki iliyopita, saa tano usiku, kijana mmoja wa Bagamoyo alinitumia ujumbe. "Shikamoo kaka. Mradi wetu wa ramani za mikoko umekatwa tangu mwaka jana. Tulitengeneza programu yetu wenyewe juu ya QGIS, ile programu ya bure ya kuchora ramani, watu wanaitumia, lakini seva haina wa kuilipia. Unamfahamu mfadhili yeyote?"

Marahaba, mdogo wangu. Simfahamu. Na ningekuwa namfahamu nisingekupa namba yake.

Jibu kali, najua. Ujumbe wenyewe ulinikuta na kichwa kikubwa, niseme ukweli. Mchana wa siku ile nilikuwa nimefunga hesabu za mwaka za kikundi chetu cha programu za ramani hapa Ngamiani, Tanga, chumba kimoja juu ya fundi baiskeli. Kwa mwaka wa tatu mfululizo seva imelipwa, vijana wawili wamelipwa, pango na bando vimelipwa, na hakuna hata shilingi moja ya mfadhili. Nilishuka nikamnunulia fundi baiskeli kahawa na kashata, akaniuliza kuna nini leo, nikashindwa pa kuanzia. Basi naanzia hapa.

Mwaka 2014 niliajiriwa kwenye mradi wa maji uliolipiwa na serikali ya nchi moja ya mbali. Kazi yangu ilikuwa kuandika plagini ya QGIS, yaani kijiprogramu cha kuongezea juu ya programu kubwa, ili fundi wa maji wa wilaya aweze kuchora ramani bila kuhangaika na Kiingereza. Anaingiza orodha ya visima, anabonyeza, ramani inatoka: kijani kinatoa maji, njano kinatoa msimu wa mvua tu, nyekundu kimekufa. Kwa hilo neno "kimekufa" nilibishana wiki nzima na mshauri wa mradi. Yeye alitaka "hakifanyi kazi kwa sasa". Nikamwambia nenda Mkinga, nenda Muheza, umsikilize fundi anapoongea na mwenzake: kisima kimekufa. Nilishinda. Mpaka leo ndicho kitu ninachojivunia kuliko vyote kwenye programu ile.

Miaka ile tulikuwa watu. Magari matatu, fulana, kofia, semina zenye posho na soda baridi. Mimi nilikuwa "mtaalamu wetu". Kisha mwaka 2017 ikaja barua ya ukurasa mmoja. Serikali ile ilikuwa imebadilisha vipaumbele. Ijumaa dereva alikusanya funguo, ile printa kubwa ya ramani ikaviringishwa kwenye blanketi ikapakiwa, na simu yangu iliyokuwa haipumziki ikanyamaza. Ofisini nilikokuwa napokewa na chai, nikawa naambiwa bosi yuko kikaoni. Mara nne. Ya tano nilimwona huyo bosi dirishani anakula karanga.

Sisi watu wa Tanga mji wetu tunausema hivi: waja leo, waondoka leo. Tunaimba, tunacheka. Sikujua kwamba siku moja nitausema kuhusu mwajiri wangu.

Februari 2018 ndipo kilipotokea kilichoniumiza zaidi. QGIS ilitoa toleo la 3, likahama kutoka Python ya 2, ile lugha ya kuandikia programu, kwenda Python ya 3, na plagini zote za zamani zikaacha kufanya kazi mpaka ziandikwe upya. Yangu nayo ikafa. Nyekundu kabisa. Fundi mmoja wa wilayani akanipigia: "Kaka, nimeweka QGIS mpya, ramani haifunguki, na Jumatatu nina kikao na mkurugenzi." Nilitaka kumwambia mradi umeisha. Nikamwambia nipe siku tatu. Zikawa kumi na moja, kwenye laptopu iliyokatika bawaba, nimeiegemeza kwenye ndoo.

Kilichoniokoa ni jambo ambalo wakati wa mradi nililiona urasimu tu. Plagini inayowekwa kwenye hazina rasmi ya QGIS lazima iwe na leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuigawa, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda programu, uwe wazi. Kwa hiyo ile printa waliichukua, magari wakayachukua, lakini msimbo haukuwa na wa kuuchukua. Ulikuwa umelala pale hadharani kwa jina langu, unanisubiri.

Agosti mwaka huohuo mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulifanyika Dar es Salaam. Nikapanda basi, nikalala kwa shemeji Temeke. Yaliyosemwa ukumbini sitayaeleza yote, mengi yalinipita juu. Ila nilirudi Tanga na hamu ya kujua hizi programu kubwa zilifikaje hapa, na hapo ndipo nilipoisoma historia ya GRASS, programu huria ya ramani iliyoitangulia QGIS.

GRASS ilianza mwaka 1982 katika maabara ya jeshi la Marekani, kitengo cha wahandisi, kule Champaign, Illinois. Walitaka kusimamia mazingira ya ardhi yao ya kijeshi. Jeshi liliigharamia kwa zaidi ya miaka kumi, kisha katikati ya miaka ya 1990 likaacha. Tazama sasa. Kwa sheria ya Marekani kazi ya mtumishi wa serikali kuu haina hakimiliki, ni mali ya umma, kwa hiyo msimbo ulikuwa tayari mikononi mwa watu. Wahadhiri waliokuwa wakiufundishia waliukataa msiba: Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, kikatoa toleo jipya mwaka 1997, Wajerumani wa Hannover wakaendelea nalo, na mwaka 1999 likawekwa chini ya GPL. Leo ukifungua QGIS unaikuta GRASS humohumo ndani. Juzi nilikuwa nachora bonde la Mto Zigi, kutoka milima ya Amani hadi bwawa la Mabayani linalotunywesha sisi wa Tanga, na hesabu ya maji yanatiririkia wapi ilifanywa na zana za GRASS, ambayo mlezi wake wa kwanza aliitelekeza wakati mimi niko shule ya msingi.

QGIS yenyewe aliianzisha Gary Sherman mwaka 2002, mtu wa Alaska, bila serikali yoyote nyuma yake. Leo inasimamiwa na jumuiya iliyosajiliwa Uswisi, na wanachama wake, wakiwemo makampuni na ofisi za serikali, hulipa ada kila mwaka. Hapo nilikaa nikafikiri sana. Hela ya serikali bado imo, ila imebadilika sura. Badala ya serikali moja kutoa nyingi kisha kukata, ziko ofisi nyingi zinazotoa kidogo kidogo kwa sababu zinaitumia kila siku. Mmoja akiondoka, nyumba haianguki.

Nikasema nami nitafanya hivyo. Nikafanya vibaya. Niliweka tangazo: "Changia programu yako ya ramani", na namba ya M-Pesa. Kwa miezi sita zilipatikana shilingi elfu thelathini na tano, na elfu ishirini katika hizo alituma dada yangu wa Korogwe, ambaye mpaka leo anadhani ninauza ramani za barabara. Mdogo wangu, usiombe mchango. Mtu anayeitumia kazi yako anakupenda, lakini mapenzi hayalipi seva.

Kilichonifungua macho ni shimo. Mkandarasi mmoja hapa mjini alikuwa anatafuta bomba la zamani, ana michoro ya karatasi ya enzi hizo yenye koodineti zake, yaani namba za kuonyesha kila kitu kiko wapi. Kijana wake akaziingiza kwenye QGIS, wakachimba siku mbili, hawakuona kitu. Nikaitwa. Nilipofungua laptopu nikacheka, kisha nikaona wenzangu hawacheki. Zile alama za karibu na bandari zilikuwa zimekaa ndani ya bahari. Vali nne zinaelea kwenye ghuba kama ngalawa.

Walio kwenye fani wameshajua. Michoro ya zamani ya Tanzania imepimwa kwa mfumo wa koodineti uitwao Arc 1960, na kijana aliisoma kama WGS 84, ule wa GPS ya simu. Kwa huku kwetu tofauti ni kama mita mia tatu, na ukiukosea hivyo alama zinasogea kaskazini. Tanga kaskazini kuna nini? Maji. Angekuwa Handeni asingegundua, angechimba shamba la mtu mpaka kiyama. Nilibadilisha mfumo wa ile tabaka kutoka namba 32737, ya WGS 84, kwenda 21037, ya Arc 1960, alama zote zikapanda nchi kavu, zikajipanga kando ya barabara. Dakika kumi. Mkandarasi akaniuliza, "Ni kiasi gani, fundi?" Nami, kwa upumbavu wa mtu aliyezoea posho, nikajibu, "Hapana mzee, programu ni ya bure."

Alinipigia tena mara tano. Mara ya sita nikamtajia bei, akalipa kabla sijamaliza sentensi. Akaniambia alikuwa anaona haya kunisumbua.

Basi nikaelewa. Programu ni ya bure na itabaki ya bure, ila anayepokea simu anakula. Tukaweka ada ya mwaka: plagini unaichukua bila kulipa, lakini ukitaka tukupokelee simu, tukufundishie mtu mpya, tukurekebishie plagini QGIS ikitoa toleo jipya (na kwa kawaida hutoa kila miezi minne), unalipa. Mteja wetu wa pili alikuwa jumuiya ya watumia maji ya kijiji kimoja njia ya Pangani. Mhazini wao, mama wa makamo, alinisikiliza mpaka mwisho huku anahesabu sarafu za siku hiyo kwenye kopo la maziwa.

"Mwanangu, hii si ulisema ya bure?"

Nikaanza kueleza habari za leseni. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Usinichoshe. Maji nayo ni ya Mungu, na ndoo twalipia hamsini. Hiyo hamsini ni ya pampu. Sasa wewe pampu yako ni ipi?"

Nikamwambia, mama, pampu ni mimi. Akacheka, akaandika kwenye daftari.

Sasa nisikilizeni, na si huyu wa Bagamoyo peke yake. Tangu Marekani ilipofunga USAID katikati ya 2025 napokea ujumbe wa namna hii kila mwezi, na karibu wote wanauliza mfadhili mwingine yuko wapi. Mnatafuta baba wa kambo kabla matanga hayajaisha! Kaeni kwanza muulizane ni nani atakayepata shida kesho asubuhi programu yenu ikizimika. Huyo ndiye mteja. Kama hayupo, mfadhili alikuwa anawalipa ninyi, hakuwa anailipia kazi. Linauma, nami liliniuma, maana kati ya wilaya tano tulizozitangaza kwenye ripoti zetu zenye picha nzuri, waliopiga simu baada ya mradi kufa walikuwa wawili. Wawili! Na sisi tuliwafundisha mamia, tukawapa vyeti.

Na acheni kujifungia. Kila nikitoa ushauri huu kuna atakayeniambia, "Kaka, si bora tufiche msimbo, tuuze?" Mtauza mara moja, halafu siku ukiugua kazi inazikwa na wewe. Mimi nililazwa wiki tatu mwaka 2022, na vijana wangu walitengeneza hitilafu mbili bila kunipigia, kwa sababu kila kitu kilikuwa wazi na kimeandikwa Kiswahili. Andikeni Kiswahili. Fundisheni mtu wa pili, na wa tatu. Tozeni ada wakati mfadhili bado yupo, hata elfu kumi, watu wazoee. Tozeni ada, narudia, kwa sababu najua hamtatoza, mtaona haya kama nilivyoona mimi.

Huyu kijana wangu usiku ule nilimjibu kwa swali moja tu: msimbo wenu uko wapi? Alikaa kimya siku sita, na haya yote nimeyaandika nikimsubiri. Leo alfajiri kajibu. Uko kwenye laptopu ya ofisi, laptopu iko kabatini, kabati limefungwa, na ufunguo anao aliyekuwa mratibu, ambaye amehamia Dodoma.

Nimemtumia nauli ya basi.