Je, zaka inaweza kumlipia kodi mjane aliyetolewa vyombo nje?

SWALI

Assalamu alaikum sheikh. Mimi ni katibu wa kamati ya zaka na sadaka ya msikiti wetu hapa Mbagala, Dar es Salaam. Ramadhani iliyopita tulikusanya shilingi milioni 6, tukawagawia watu 300, kila mmoja 20,000. Sasa kuna mjane mwenye watoto wanne, mwenye nyumba amemtolea vyombo nje kwa deni la kodi ya miezi mitatu, shilingi 150,000. Wanalala kwenye baraza la madrasa. Chumba kingine kimepatikana cha 50,000 kwa mwezi, lakini anatakiwa alipe miezi sita kwa mkupuo na mwezi mmoja wa dalali. Kwenye akaunti tuna zaka ya mfanyabiashara mmoja iliyoingia baada ya mfungo, shilingi 2,400,000. Wajumbe wengine wanasema kodi ya nyumba haimo katika mafungu manane, tena si haki mtu mmoja apewe fedha za watu ishirini na tano. Wengine wanataka fedha zitunzwe hadi tununue kiwanja, tujenge vyumba vya wajane. Na jirani wa huyo mama, familia ya Kikristo, wametolewa siku ile ile. Tufanye nini?

JIBU

Wa alaikumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu awalipe kheri kwa kuuliza kabla ya kutoa, maana zaka ni amana ya pande mbili: ya aliyeitoa na ya anayestahiki kuipata.

Mafungu manane yametajwa katika Sura ya At-Tawba, aya ya 60: mafakiri, masikini, wanaozitumikia, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, ukombozi wa watumwa, wenye madeni, njia ya Mwenyezi Mungu na msafiri aliyekatikiwa. Ni kweli kodi ya nyumba haikutajwa. Wala unga haukutajwa, wala ada ya hospitali. Aya imetaja watu, na haja za watu hao zinatazamwa kwa hali yao. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wanapoeleza fakiri ni nani, wanahesabu chakula, mavazi na makazi pamoja. Imamu Nawawi ameandika katika kitabu chake cha fiqhi, Minhaj, kwamba mtu kuwa na nyumba yake ya kuishi na nguo zake hakumtoi katika ufakiri. Ikiwa mwenye nyumba yake anaweza bado kuwa fakiri, basi mama anayelaza watoto wanne barazani hahitaji ushahidi zaidi.

Kumbukeni pia Suffa. Nyuma ya msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina kulikuwa na sehemu iliyoezekwa, wakikaa humo Waislamu wasio na pa kwenda. Abu Hurayra, aliyekuwa mmoja wao, amewaita wageni wa Uislamu, watu wasio na familia, mali wala wa kumwendea, na hadithi yake imo katika Sahih Bukhari. Anasema Mtume akiletewa sadaka huwapelekea yote bila yeye kula chochote, na akiletewa zawadi hula nao. Suala la aliyekosa paa lilishughulikiwa msikitini tangu siku za mwanzo za Madina. Kamati yenu haijaingia katika jambo geni.

Sasa mtenganishe fedha za mama huyu, kwa kuwa hukumu zake ni mbili. Miezi mitatu aliyokwisha kukaa bila kulipa, shilingi 150,000, ni deni. Hapo anaingia katika fungu la wenye madeni. Hili mnaweza kumlipa mwenye nyumba moja kwa moja, kwa sharti kwamba mama mwenyewe ameridhia; pasipo idhini yake Mashafi hawaihesabu kuwa zaka. Kodi ya miezi sita ijayo na fedha ya dalali bado si deni, kwa hiyo atapewa kwa ufakiri wake, na fungu hilo linataka amilikishwe. Mkabidhini 350,000 mkononi mwake, yeye ndiye alipe chumba. Mkiogopa hazitafika, mmoja wenu afuatane naye, lakini fedha ni zake.

Mwenye nyumba wa zamani akisema, "Nimemsamehe hizo 150,000, nihesabieni katika zaka yangu," mwambieni haifai. Kauli sahihi kwa Mashafi ni kwamba kufuta deni hakutoshi kuwa zaka. Akisamehe, au hata akimpa tu muda, atakuwa ametekeleza aya ya 280 ya Sura ya Al-Baqara inayotaka mwenye dhiki asubiriwe mpaka apate wepesi, na thawabu yake ni kubwa. Zaka yake bado iko palepale.

Hoja ya kwamba si haki mmoja apewe fedha za watu ishirini na tano ndiyo inayonigusa zaidi, na naomba wajumbe wanisikilize bila hasira, kwani najua nia yao ni uadilifu. Shilingi 20,000 mtu anashukuru, anaomba dua, na baada ya siku nne haipo. Mwakani yuko kwenye foleni ile ile na kadi ile ile. Mkigawa hivyo miaka kumi, msikiti utakuwa umetoa mamilioni na hakuna familia hata moja iliyotoka kwenye orodha. Zaka haikuwekwa kwa ajili hiyo.

Wanazuoni walijadili: fakiri apewe kiasi gani? Wako waliosema kinachomtosha mwaka, na ndivyo ilivyokuwa katika kitabu ambacho Nawawi alikifupisha kuwa Minhaj. Lakini Nawawi hakunyamaza. Aliongeza kauli yake kwamba lililo sahihi zaidi, aliloliandika Imamu Shafi mwenyewe na walio wengi, ni kumpa kinachomtosha umri wa kawaida wa mtu, anunue kwacho mali isiyohamishika itakayomzalishia. Akafafanua katika kitabu chake kingine, Majmu', kwamba mwenye ufundi anapewa fedha ya vifaa vya ufundi wake, viwe vya bei ndogo au kubwa, na mfanyabiashara anapewa mtaji kwa kadiri ya biashara yake. Mifano waliyoipiga inapendeza: muuza mboga dirhamu tano au kumi, na muuza vito hata dirhamu elfu kumi, ikiwa chini ya hapo hakumtoshi. Tofauti ni kubwa mno, nao wameiona kuwa ndiyo uadilifu, maana kila mmoja amefikishwa mahali pa kusimama. Na Sayyidna Umar amepokewa akisema kwamba mkitoa, basi tajirisheni.

Kwa hiyo si tu kwamba inajuzu kumpa mama huyu shilingi 500,000. Mimi naona hata hizo ni pungufu, kwa sababu miezi sita ikiisha atatolewa tena. Muulizeni alikuwa anajitafutia vipi. Kama anapika vitafunwa, anajua kushona au alikuwa na genge, mpeni na mtaji wake kutoka katika hizo 2,400,000. Ulizeni vilevile kama ana mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Nimewaona akina mama wengi waliolipiwa kodi, na mtaji wao ukaishia kwa wakusanyaji wa marejesho wanaogonga mlango kila asubuhi. Deni hilo nalo linaingia katika fungu la wenye madeni, akitubia kwa Mwenyezi Mungu na kuazimia kutorudia riba. Wazee wa msikiti waende wakazungumze na mkopeshaji apokee mtaji wake, aache ziada.

Mjumbe aliyesoma anaweza kusema kwamba Shafi anataka zaka igawiwe kwa mafungu yote yaliyopo, na kila fungu wasipungue watu watatu. Ni kweli, hiyo ndiyo kauli ya madhehebu. Lakini Ibn Ujayl wa Yemen, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi, alisema yako mambo matatu ya zaka ambayo fatwa hutolewa kinyume na madhehebu: kuihamisha zaka, kumpa mtu mmoja zaka ya mtu mmoja, na kuitia katika fungu moja. Masheikh wengi wa Kishafi wamefuata wepesi huo, nami naufuata. Na kwa hesabu yenu hamlazimiki hata kufika huko, kwani baada ya mama huyu mtabaki na fedha za kusimamisha familia nyingine mbili au tatu.

Mtawajuaje wanaostahiki? Hadithi ya Qabisa bin Mukhariq katika Sahih Muslim imetupa njia. Mtume (s.a.w.) amewataja watu watatu wanaoruhusiwa kuomba: aliyebeba dhamana ya deni, aliyepatwa na janga likafuta mali yake, na aliyefikwa na ufukara hata watu watatu wenye busara katika jamaa zake wakasema, "Hakika fulani amefikwa na ufukara." Hapa kwetu watatu hao ni majirani na mjumbe wa nyumba kumi. Aliyepatwa na janga hahojiwi sana. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipozoa nyumba za bonde la Msimbazi, hadi watu wakapewa viwanja Mabwepande, aliyekuwa na duka jana yake alikuwa hana sufuria. Na msiwasahau wasioomba, waliotajwa katika Al-Baqara aya ya 273, ambao asiyewajua huwadhani matajiri kwa namna wanavyojizuia. Hao hawatakuja kwenye foleni yenu. Nendeni mkawatafute, na mkiwapata msiwapige picha na bango la kamati. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 264, Mwenyezi Mungu ametukataza kubatilisha sadaka kwa masimango na udhia, na mtoto atakayetaniwa shuleni kwa picha ya mama yake akipokea kilo tano za unga ameudhiwa.

Kuna jambo hamkuliuliza nami nahofia limejificha. Huyu ni mjane. Mumewe ameacha nini, na kiko kwa nani? Wengi wa wajane wanaofika misikitini hawakuwa watu wa kupewa zaka. Walikuwa warithi, shemeji wakachukua nyumba. Haki yake katika Sura ya An-Nisaa aya ya 12 ni thumni (moja ya nane) ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha, na watoto wana fungu lao. Pia mke aliyefiwa ana eda ya miezi minne na siku kumi, na Mtume alimwamuru Furay'a bint Malik abaki nyumbani kwake mpaka muda huo utimie. Anayemtoa mjane ndani ya eda amebeba dhambi juu ya dhuluma. Mpeni zaka leo kwa kuwa leo hana, lakini kesho mmoja wenu afuatane naye mahakama ya mwanzo kufungua mirathi.

Ama vyumba vya wajane, wazo ni zuri sana, ila si kwa fedha hizi na si kwa namna hiyo. Zaka ya mafakiri lazima imilikiwe na mafakiri. Mkinunua kiwanja kwa jina la kamati, mkajenga, mama akakaa kwa hisani yenu na kamati ijayo ikaweza kumtoa, hamjatoa zaka. Majma' ya Fiqhi ya Kimataifa, yaani baraza la wanazuoni wa nchi mbalimbali, katika kikao cha Amman mwaka 1986, imeruhusu zaka kuingizwa katika miradi ambayo mwisho wake inamilikiwa na wanaostahiki, au iliyo chini ya chombo chenye mamlaka ya kisheria ya kuikusanya na kuigawa, baada ya haja za haraka kukidhiwa na dhamana ya kutosha kuwekwa dhidi ya hasara. Haja ya haraka kwenu inalala barazani. Mkitaka kutumia zaka katika nyumba, mnunulieni mjane kiwanja kidogo au chumba kwa jina lake, hati ya mauziano ishuhudiwe serikali ya mtaa, kiwe chake na watoto wake wakirithi.

Vyumba vya kudumu vijengeni kwa wakfu. Umar alipopata shamba Khaybar alishauriwa na Mtume alizuie asili yake na kutoa sadaka mazao yake, lisiuzwe wala lisirithiwe. Ndugu zetu wa Zanzibar wanalijua hili vizuri, kwani Mji Mkongwe una nyumba nyingi za wakfu, na wana Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ya kuzisimamia. Fungueni mchango wa sadaka ya kuendelea, mwambie kila mtu wazi kwamba huu ni wakfu wa makazi, andikeni masharti ya nani atakaa na kwa muda gani. Hapo jina la kamati halina tatizo. Gharama zenu za nauli, vocha na daftari nazo zitoke katika sadaka. Fungu la wanaozitumikia ni la walioteuliwa na mwenye mamlaka. Ninyi ni mawakili wa watoaji, na kujizuia ni salama kwenu.

Familia ya Kikristo msiwape kutoka katika zaka, kwa kauli ya jumhuri ya wanazuoni, yaani walio wengi, kwa sababu Mtume alimwambia Mu'adh alipomtuma Yemen kwamba inachukuliwa kwa matajiri wao na kurudishwa kwa mafakiri wao. Lakini msiwapite. Sura ya Al-Mumtahana aya ya 8 haitukatazi kuwafanyia wema wasiotupiga vita, na hawa ni majirani, wamenyeshewa mvua ile ile. Wapeni kutoka katika sanduku la sadaka, na kama halina kitu, simameni baada ya sala ya Ijumaa mwachangie kwa kutaja haja yao bila kutaja jina. Na wazee wanaokwenda kwa mwenye nyumba wazungumze kwa ajili ya familia zote mbili.

Mwisho, zaka iliyoingia katika akaunti yenu haisubiri Ramadhani. Kwa Mashafi ni wajibu kuitoa mara tu inapowezekana na mstahiki yupo. Mmeshamjua mstahiki na mnajua analala wapi. Wajumbe wakutane leo baada ya Isha, na kesho mama akabidhiwe.

Wallahu aalam.