Kabla Hujakubali Ukatibu wa Kamati, Nunua Daftari

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe kutoka kwa mwalimu kijana, ana miaka sita kazini. "Shikamoo Mwalimu. Wananchi wamenichagua katibu wa kamati ya ujenzi wa zahanati. Mke wangu hataki kabisa, anasema nitaishia kuitwa mwizi. Wewe umekaa kwenye mambo haya zaidi ya miaka arobaini. Nikubali?"

Marahaba, mwanangu. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na kila nikifika hapo pa kuitwa mwizi nasimama. Mimi niliitwa. Jibu lako nitakupa, ila kwanza nikueleze nilikopita, maana ushauri bila historia yake ni maneno tu.

Nilimaliza darasa la saba 1974. Novemba mwaka huohuo TANU ilikaa Musoma ikaazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Walimu wa kutosha hawakuwepo, basi wakachukuliwa vijana wa la saba kama mimi. Asubuhi nilifundisha darasa la kwanza. Mchana nakaa mimi kwenye dawati lilelile, magoti yakigonga ubao, mratibu ananifundisha ualimu. Mjini kwetu walituita Ualimu Pasipo Elimu. Hata watoto walilijua neno hilo. Nilikuwa na miaka 19 na liliniuma kuliko ninavyoweza kukueleza leo.

Jioni nilikuwa na kazi nyingine, kisomo cha watu wazima. Hapo ndipo ulipo moyo wa habari yangu, kwa hiyo nivumilie.

Darasani kwangu alikuja mama mmoja muuza dagaa sokoni, wakati huo ana kama miaka thelathini na kitu. Wiki nne nzima hakuandika chochote. Alishika chaki kwa ngumi kama mtu anayeshika mchi, ikakatika, akaokota kipande, kikakatika tena. Siku alipoandika jina lake lote ubaoni, herufi zimepanda na kushuka kama njia ya mlimani, hakushangilia. Alilitazama. Akalifuta kwa upindo wa kanga, akaliandika tena. Akalifuta tena, akaliandika mara ya tatu, kisha akageuka akaniuliza, "Mwalimu, na hesabu za dagaa wangu nitaweza kuandika?" Nikamwambia ataweza. Akaweza. Mtihani wa taifa wa kisomo wa 1977 alifaulu.

Miaka ya 1980 niiruke. Nilisoma kwa kandili, nikafanya mtihani wa maarifa, ule wa kumruhusu asiyepita sekondari, nikafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikarudi chuoni, nikapata cheti cha ualimu cha Daraja A. Nasema hivi kwa fahari. Aliyeitwa Ualimu Pasipo Elimu akawa mwalimu mkuu wa shule ileile.

Mwaka 2002 ukaja MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa na watoto wakafurika. Mimi peke yangu niliandikisha zaidi ya 200 darasa la kwanza. Fedha za ujenzi ziliingia akaunti ya shule, kamati ya shule ikapanga matumizi, wananchi wakaleta mawe, mchanga, maji na nguvu zao. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati. Kila mfuko wa saruji ulipita mikononi mwangu.

Na mwaka huo nikafanya kosa. Sikuiba. Nilijenga nyumba yangu. Nilikuwa nimedunduliza miaka kumi na moja, mke wangu ameuza mbuzi na vitenge, matofali tulichoma wenyewe. Lakini mji mdogo hauoni miaka kumi na moja. Mji mdogo unaona saruji imeshushwa shuleni Jumatatu, na Alhamisi fundi anapiga lipu kwa mwalimu mkuu. Nani atakaa chini akokotoe?

Kwanza maneno yalikuwa ya bombani. Mke wangu akifika na ndoo yake, wenzake wananyamaza. Kisha yakafika kwenye ofisi fulani, ikaja barua ya mistari miwili: nikae pembeni uchunguzi upite. Miezi mitatu nilikaa nyumbani nikisikia kengele ya shule yangu ikigongwa na mtu mwingine. Mwanangu wa darasa la tano alirudi siku moja shati limechanika, hakusema amepigania nini. Sikumuuliza.

Mkutano wa hadhara ukaitishwa. Mtu mmoja, simtaji, akasimama akasema maneno mengi kuhusu nyumba yangu. Nilikuwa na daftari langu gumu la jalada jeusi, nimeandika kila kitu tangu siku ya kwanza: tarehe, mfuko umeingia, mfuko umetoka, nani kapokea, sahihi au dole gumba. Nikainuka nianze kusoma, wakazomea. Mwizi atasoma hesabu zake mwenyewe?

Ndipo yule mama wa dagaa akanyanyuka. Sasa ni bibi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Akasema, "Mimi kusoma nimefundishwa na huyu. Leteni hilo daftari, nitasoma mimi." Akapelekewa. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza akaanza, neno moja moja, kama tulivyosoma kwenye kisomo. "Sa-ru-ji. Mifuko arobaini. Imepokelewa na..." Akataja jina. Aliyetajwa alikuwa amekaa palepale chini ya mwembe. Akamuuliza, "Ulipokea?" Akajibu, "Nilipokea." Akaenda mstari wa pili. Ilichukua karibu saa mbili. Hakuna aliyeondoka, na kufikia ukurasa wa tano hakuna aliyezomea. Mkaguzi alipokuja baadaye hakukuta pengo.

Nikarudishwa kazini kwa barua nyingine ya mistari miwili. Yule mtu wa mkutanoni hajawahi kuniomba radhi hadi leo. Tunasalimiana. Nilimzika mama yake, naye alikuja msibani kwangu. Lakini sitakudanganya kwamba nimesahau. Nikipita pale penye mwembe bado tumbo hunikaza.

Sasa sikia, mwalimu wangu kijana, na wengine mnaosoma hapa mnaotaka kuwatumikia watu wenu bila kuhama mji.

Usijenge nyumba yako mwaka unaojenga nyumba ya umma. Hata kama fedha ni zako, hata kama fundi ni shemeji yako na anakujengea bure. Subiri. Ukiwa umeshaanza, simamisha msingi pale ulipofika uote majani. Nimelisema hili kwenye vikao vingi na watu huona ni dogo. Si dogo, linavunja ndoa.

Andika. Andika siku hiyohiyo, usingoje jioni ya kesho. Andika kwa mwandiko na maneno ambayo mtu wa kisomo atayasoma kwa kidole, si kwa vifupisho vya ofisini. Hesabu unayoielewa wewe na mhasibu peke yenu haitakutetea kwenye mkutano wa hadhara. Na usingoje kuulizwa. Kila mwezi bandika karatasi kwenye mbao za matangazo, kila mkutano anza na mapato na matumizi kabla ya ajenda nyingine. Anayesubiri kuulizwa ameshachelewa.

Fedha isilale nyumbani kwako hata usiku mmoja. Mkeo ana haki ya kuogopa, basi mwonyeshe daftari. Mke wangu alilijua langu ukurasa kwa ukurasa, na hilo ndilo lililomwezesha kurudi bombani.

Watu huniambia ualimu na uongozi havikai pamoja. Nyerere alilazimika kuchagua, na Machi 1955 akaacha kufundisha Pugu ili aitumikie TANU. Lakini Watanzania waliendelea kumwita Mwalimu hadi alipofariki Oktoba 1999, na wanamwita hivyo hadi leo. Chaki haikutoki mikononi. Mimi nilistaafu 2016 nikiwa na miaka 60, nikadhani nimemaliza, wakanipeleka baraza la kata. Wanaletwa ndugu wawili wanaogombea mpaka wa shamba, na wote wawili niliwafundisha kuhesabu. Tangu 2021 baraza halihukumu tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu, na wenzangu wengine walilalamika kwamba tumevuliwa meno. Mimi nilifurahi. Kuhukumu wanafunzi wangu kulikuwa kukininyima usingizi. Kuwakalisha kwenye benchi moja hadi wachoke kununa, hiyo kazi nimeifanya maisha yangu yote.

Bibi wa dagaa alifariki miaka michache iliyopita. Wajukuu zake walinipa miwani yake ile ya uzi, nimeiweka juu ya daftari jeusi kabatini.

Kwa hiyo kubali, mwanangu. Watu wamekuamini, usiwakimbie kwa kuogopa midomo. Ila kesho asubuhi, kabla ya kikao cha kwanza, nenda kanunue daftari gumu. Ukurasa wa kwanza andika majina ya wajumbe wote na uwape wasaini mbele ya watu. Kikao kikiisha niandikie, uniambie nani alikataa kusaini.