Hasara Ikitokea Itakuwa ya Nani? Kuwajibu Wanunuzi wa Vigari vya Kale

Nilianza kuuza vigari vya kuchezea vya kale mwaka 2016, baada ya familia moja ya Kitaliano iliyokuwa ikihama Malindi kuniuzia kasha zima la vitu vya watoto wao ambao walikwisha kuwa watu wazima. Ndani ya kasha hilo mlikuwa na gari la chapa ya Bburago la uwiano wa 1:18, yaani urefu wake ni sehemu moja ya 18 ya gari halisi, likiwa bado katika sanduku lake, na chini yake vigari vidogo vya Matchbox, vile vilivyoanza kutengenezwa na kampuni ya Lesney ya London mwaka 1953. Mkusanyaji mmoja wa Nairobi aliyeziona picha zangu mtandaoni ndiye aliyenifundisha kutazama magurudumu, kwa kuwa ya kijivu mara nyingi huonyesha kwamba kigari kilitangulia wenzake wenye magurudumu meusi. Tangu hapo nimekutana na wanunuzi wa kila namna. Wengi wao ni waungwana, lakini wapo wachache ambao maombi yao yaliwahi kuninyima usingizi.

Miaka ya mwanzo nilikuwa ama nakasirika, ama naona haya kukataa. Siku hizi kila ombi nalipima kwa swali moja: tukikubaliana hivi, kisha mambo yakaharibika, hasara itakuwa ya nani? Ombi la haki huacha kila mtu na sehemu yake ya mzigo, ilhali ombi lisilo la haki humtwisha muuzaji mzigo wote, hata kama mwombaji mwenyewe hakukusudia hivyo. Naamini wengi hawakusudii.

Kuhusu bei sina mengi ya kusema. Anayeuliza bei ya mwisho hajanikosea, maana kupatana bei ni desturi yetu, nami huweka nafasi ya kupunguza kidogo. Anayetaja nusu ya bei humshukuru, nikamtajia bei yangu, na sirudi tena kujieleza.

Ombi linalohitaji subira zaidi ni la kufungua kitu ambacho hakijawahi kufunguliwa. Chukua mfano wa kigari cha Hot Wheels kilichomo ndani ya plastiki ngumu iliyogundishwa kwenye kadi yake. Mnunuzi huandika, "Dada, kitoe nikione vizuri." Plastiki ile ikishabanduliwa hairudi tena kama ilivyokuwa, na wakusanyaji wengi hulipia hasa ile hali ya kutoguswa, hivyo mnunuzi akibadili nia mimi ndiye ninayebaki na mali iliyoshuka thamani. Kwa hiyo humpelekea picha zaidi zilizopigwa dirishani kwa mwanga wa asubuhi, za pembe zote nne za kadi, za mahali palipokunjika na za plastiki iliyoanza kuwa ya manjano. Akishikilia, humwambia alipe bei yote kwanza, kisha nitamfungulia huku akitazama kwa video, kwa sababu hapo kitakuwa chake. Tangu nilipoanza kutoa sharti hilo, hakuna hata mmoja aliyelikubali.

Ombi lililoniumiza lilikuja kwa lugha ya upole kabisa. Mwaka 2019 mteja wangu mmoja wa Ulaya, aliyekuwa amenunua kwangu mara nyingi, aliniomba niandike kwenye fomu ya forodha kwamba kifurushi chake ni zawadi yenye thamani ya dola 10, ili asitozwe ushuru. Alikuwa amelipa dola 140. Nilikubali kwa kuogopa kumpoteza, nikakikatia bima ya kiasi hicho hicho nilichokiandika, na kifurushi kikapotea njiani. Fidia ilihesabiwa kwa dola 10, wakati mteja, kwa haki yake, alidai fedha zake zote, nami nikamrudishia. Nakala ya fomu ile ninayo hadi leo, na neno "zawadi" limo kwa mwandiko wangu. Fedha zilinisikitisha, lakini saini yangu chini ya maelezo ya uongo ilinisikitisha zaidi. Sasa anayeniomba jambo hilo hupata jibu fupi: "Fomu hiyo natia saini mimi, kwa hiyo nitaandika bei uliyolipa." Wengine huondoka, nami nawaacha waende.

Linalofanana na hilo ni ombi la kubadili anwani baada ya malipo. Ukilipwa kwa PayPal, ile huduma ya malipo ya mtandaoni, kinga ya muuzaji dhidi ya madai ya mnunuzi hutegemea kupeleka mzigo kwenye anwani iliyoandikwa katika muamala. Ukiupeleka kwa "ndugu yangu wa mji mwingine", umejivua kinga hiyo kwa mkono wako. Mimi hurudisha malipo na kumwomba mnunuzi alipe upya kwa anwani anayoitaka. Kwa wanunuzi wa hapa nchini wanaolipa kwa M-Pesa, siamini picha ya ujumbe wa malipo, hata mnunuzi akisema basi linakaribia kuondoka. Nafungua salio langu mwenyewe kwanza.

Wapo pia wanaosema, "Niwekee hadi mwisho wa mwezi." Hawa nawapenda, kwa kuwa kwa kawaida wanakitaka kitu kwa dhati. Huwaomba arbuni, nikaandika tarehe ya mwisho katika daftari na kuwapelekea maandishi hayo, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuhusu malalamiko baada ya mzigo kufika, nawasihi wauzaji wenzangu wajichunguze kwanza. Hapa Malindi upepo wa bahari una chumvi, na vyuma vya kushikia magurudumu hushika kutu hata ndani ya kabati. Usipoitaja kutu hiyo, mnunuzi anayelalamika si msumbufu. Mimi huitaja kabla ya kuulizwa, na hupiga picha ya karibu ya kila kovu la rangi. Anayelipa kwa PayPal anaweza kufungua malalamiko hadi siku 180 baada ya kulipa, kwa hiyo sifuti picha hata moja kabla ya muda huo.

Picha hizo ziliwahi kuniokoa. Mnunuzi mmoja wa Nairobi alinirudishia gari akidai kwamba lina kasoro, na nilipolifungua nikaona mlango wa kushoto ni mzima, ilhali gari langu lilikuwa limebanduka rangi hapo, alama ndogo mfano wa punje ya mchele. Sikumwita mwizi. Nilimtumia picha mbili, ya gari nililomuuzia na ya lile lililorudi, nikamwandikia: "Kaka, nadhani magari yamechanganyika. Langu likifika, nitakurudishia fedha zako." Alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu gari langu lilifika kwa basi la usiku, limeviringishwa katika gazeti, na punje yake ya mchele mlangoni. Fedha zake nilizituma kabla ya adhuhuri.