MRI mwezi mmoja baada ya mionzi

Pole sana kwa kuuguza, dada. Umeuliza kama MRI ya mama (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) kuonyesha bado kuna kitu, mwezi mmoja tu baada ya kumaliza mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi, ina maana tiba imeshindwa. Si lazima. Mionzi huacha tishu zimevimba na kujaa majimaji, na kwenye picha majimaji hayo yanaweza kufanana na saratani yenyewe. Tena seli zilizojeruhiwa hazifi zote papo hapo, nyingine huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana MRI ya kupima matokeo kwa kawaida hupigwa kama miezi 3 baada ya tiba.

Muulize daktari kama zilipigwa pia zile picha zinazofuatilia mwendo wa maji ndani ya tishu. Hizo husaidia sana: seli za saratani zimesongamana kiasi kwamba maji hayapiti kwa urahisi, na tiba ikifanya kazi yanaanza kupita. Muulize vilevile kama amezilinganisha na MRI ya kabla ya tiba. Mimi picha moja peke yake siiamini, hasa ya mapema hivi. Na daktari bado anatakiwa kumpima mama kwa mkono, MRI haichukui nafasi hiyo.

Ila akianza kutoka damu upya, maumivu ya nyonga yakizidi au mguu mmoja ukivimba, msingoje hiyo miezi 3. Mrudisheni hospitali mara moja.