Nairobi Half Life na saiti mira ya mteja wangu

Mmeuliza wiki hii: filamu gani ya uhalifu imekukaa moyoni, na uzuri na kasoro zake ni zipi? Yangu ni Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Mkenya David "Tosh" Gitonga. Mara ya kwanza niliiona kwenye banda umiza, banda la mtaani la kuonyeshea video, hapa Temeke, tumebanana kwenye mabenchi. Kila Sheng ilipokolea mtu anauliza, "Kasemaje?" na kijana mmoja aliyewahi kukaa Nairobi anatufafanulia.

Kazi yangu ni kuchora namba za magari kwenye vioo na taa. Hapa Dar ukiacha saiti mira, kile kioo cha pembeni, haina namba, umemkaribisha kibaka. Kwa hiyo Mwas, kijana mhusika mkuu wa filamu, alipoingia kwenye genge la kung'oa vipuri vya magari, nilijisogeza mbele kabisa.

Nguvu ya filamu iko hapo: Mwas haamki siku moja akawa jambazi. Ametoka kijijini, ndoto yake ni kuigiza. Kufika tu mjini anaporwa kila kitu, halafu anawekwa mahabusu, na huko anasafishishwa choo ambacho hata kukitazama kunatia kichefuchefu. Banda zima lilinyamaza. Joseph Wairimu, aliyecheza Mwas, anakufanya uione hatua ile kwenye macho yake, mtu anajifunza kumeza chochote ili apone. Ni humo mahabusu anakutana na Oti, na Oti ndiye anayempokea mjini. Ndugu zangu, kijana mgeni asiye na pa kulala atamkataa vipi mtu wa kwanza aliyemjali? Nawajua vijana walioanzia hapo hapo. Na polisi wa filamu hii wanaokula na wezi, kisha wanawageuka, hakuna aliyewashangaa pale bandani.

Kasoro zipo. Kutoka kwenye vipuri hadi kuteka magari kwa bunduki safari imekimbizwa mno. Amina, mwanamke aliye kati ya Mwas na Oti, namhurumia lakini simjui. Anakuja wanaume wakimhitaji, anaondoka.

Linaloniuma zaidi ni walioibiwa. Mwas alipoporwa yeye, kamera ilikaa naye, tukaumia naye. Alipoanza kupora, wenye magari wakawa watu wa kupita tu. Mwezi uliopita alinijia mama mmoja anayepeleka chakula kwa mafundi ujenzi kwa kigari chake. Saiti mira zote mbili zimeng'olewa usiku, nyaya zinaning'inia. Alikuwa anazirudisha ndani kwa kidole, taratibu, kama mtu anayefunga kidonda cha mtoto. Alikuwa amenunua nyingine kwa hela ya mchele wa wiki, na aliniomba nichore namba kubwa.

Mwishoni mwa filamu genge limeuawa, na Mwas anapanda jukwaani kucheza mchezo wa kuigiza, tena akiwa mwizi. Ni mwisho mkali, sikuwahi kuuona kwingine. Lakini hata mara ya tatu nilipoitazama bado nilimtafuta yule mwenye gari, hata kwa dakika mbili tu, asubuhi, kasimama mbele ya gari lake na funguo mkononi.

Fundi wa namba, Temeke